Thamani ya Jiwe na Thamani ya Mtu: Tufahamu Nini Kuhusu Almasi za Vita?



Ardhi ya Bulyaga haitoi almasi. Sisi tuishio Tukuyu na katika Wilaya nzima ya Rungwe, Mwenyezi Mungu ametujalia mvua ya kutosha na udongo mzuri wa volkano, nasi twavuna chai, ndizi, viazi, maparachichi na kahawa. Hakuna mtoto wa hapa aliyekulia kando ya mgodi wa almasi, na wengi wetu hatujapata kulishika jiwe hilo mkononi. Msomaji aweza kuuliza, tena kwa haki: habari za almasi za vita zinatuhusu nini sisi waamini wa huku milimani?

Zinatuhusu kwa sababu tatu. Ya kwanza ni pete. Wachumba wanapojiandaa kwa Sakramenti ya Ndoa hutafuta pete, na siku hizi wapo watafutao pete zenye kito. Kila kito na kila kipande cha dhahabu kimetoka mahali fulani, kikachimbwa kwa jasho la mtu fulani. Sababu ya pili ni vijana wetu. Tangu siku za babu zetu, waliokwenda machimbo ya Lupa kule Chunya kutafuta fedha ya kodi na ya mahari, mpaka leo hii, wapo vijana wanaoacha shamba na kufuata habari za madini. Sababu ya tatu ni ujirani. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika iko nchi ambayo watu wake wa mashariki husali kwa Kiswahili kama sisi, na kutoka huko askari wa Tanzania wamerudishwa nyumbani ndani ya majeneza.

Kwa hiyo tunaona ni wajibu kueleza, kwa kadiri ya nafasi tuliyo nayo, almasi za vita ni nini, zimewagharimu nini watu wa Afrika, sheria za dunia zimefika wapi, na Mama Kanisa anatufundisha kutazama jambo hili kwa jicho gani.

Almasi ya vita ni nini?

Almasi hupatikana kwa namna mbili. Zipo zilizomo ndani ya mwamba uitwao kimbalaiti, ulioinuka kutoka chini sana ardhini zamani za kale. Kuzitoa hizo kunahitaji mitambo mikubwa, uzio na mtaji mkubwa. Zipo pia almasi za mtoni: mvua na mito ya maelfu na maelfu ya miaka ilimomonyoa mwamba, ikayasambaza mawe hayo katika changarawe za mabonde. Hizi za mtoni mtu huweza kuzichimba kwa sururu, chepe na chekeche. Kundi dogo lenye bunduki likiteka bonde, linaweza kuwalazimisha wanakijiji kuchimba toka alfajiri hadi jioni, na tayari limepata hazina yake.

Tena almasi ni nyepesi. Mzigo wa kahawa au wa mbao huonekana njiani na kuhitaji lori, lakini almasi za thamani kubwa hutosha katika kiganja, ndani ya pindo la nguo, hata chini ya ulimi. Jiwe likivuka mpaka na kuchanganywa na mengine, ni vigumu kujua lilitoka bonde gani. Kwa sababu hizo, katika miaka ya 1990, almasi ziligeuka kuwa fedha ya vita.

Jumuiya ya kimataifa ilikubaliana kuziita almasi za vita zile almasi ghafi ambazo vikundi vya waasi huzitumia kugharimia vita dhidi ya serikali halali. Tunamwomba msomaji aikumbuke tafsiri hiyo, kwa maana tutairudia. Haisemi neno juu ya maumivu ya mchimbaji. Inauliza tu ni nani aliyeshika bunduki.

Yaliyotokea Sierra Leone na Angola

Nchini Sierra Leone vita vilianza mwezi Machi 1991 na kumalizika Januari 2002. Kundi la waasi lililoitwa RUF, chini ya Foday Sankoh, liliteka maeneo ya almasi, hasa Wilaya ya Kono, na almasi zikavushwa kwenda Liberia, nako silaha zikarudi. Makumi ya maelfu ya watu walipoteza maisha. Dunia nzima ililitambua kundi hilo kwa ukatili mmoja mahususi: kuwakata raia mikono. Wakulima, akina mama, hata watoto waliachwa hai bila mikono, ili kila aonaye aogope. Watoto walitekwa, wakaleweshwa madawa na kupewa bunduki. Hata mkataba wa amani uliotiwa saini Lomé mwezi Julai 1999 ulimpa Sankoh uenyekiti wa tume ya kusimamia madini ya nchi. Yaani aliyemwaga damu kwa ajili ya almasi alikabidhiwa almasi zenyewe, na haikupita muda mrefu vita vikarudi.

Haki ilichelewa, lakini kwa sehemu ilifika. Mwaka 2012 Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ilimtia hatiani Charles Taylor, aliyekuwa Rais wa Liberia, kwa kuwasaidia na kuwachochea waasi hao, ikamhukumu kifungo cha miaka 50.

Nchini Angola, chama cha waasi cha UNITA kilishikilia mabonde ya almasi kaskazini-mashariki mwa nchi. Shirika la Global Witness lilikadiria kwamba kati ya mwaka 1992 na 1998 UNITA ilijipatia dola za Marekani bilioni 3.7 kwa almasi. Fedha hizo zilinunua mizinga, mafuta na mabomu ya kutegwa ardhini, na mabomu hayo yaliendelea kuwakata miguu wakulima hata baada ya vita kwisha mwaka 2002. Fedha kama hizo zingeweza kujenga zahanati na shule nyingi ajabu. Badala yake zilirudi kwa watu wa Angola kama mauti.

Kisangani: vita vya siku sita

Mfano ulio karibu zaidi nasi ni Kisangani, mji mkubwa ulioko kwenye kona ya Mto Kongo, wenye masoko na maduka mengi ya kununulia almasi. Wengi wa wakazi wake huongea Kiswahili pamoja na Kilingala. Vita vya pili vya Congo vilipoanza mwezi Agosti 1998, majeshi ya Rwanda na Uganda yaliingia nchini humo yakiwa marafiki. Kisangani ikawagombanisha. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliochunguza unyonyaji wa mali za Congo walieleza baadaye jinsi udhibiti wa biashara, ikiwemo almasi, ulivyokuwa miongoni mwa mambo waliyoshindania. Walibaini pia kwamba Uganda, isiyozalisha almasi, ilianza kuonekana katika takwimu za biashara kama nchi inayouza almasi nje.

Majeshi hayo yalipigana ndani ya mji mwezi Agosti 1999, yakapigana tena mwezi Mei 2000, na kisha kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 yakapigana kwa siku sita mfululizo, kwa silaha nzito, katikati ya mitaa ya watu. Waswahili walikwisha kusema kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia, na Kisangani nyasi walikuwa wanadamu. Ripoti ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2010, iliyokusanya kumbukumbu za ukatili uliofanyika Congo, inaeleza kuwa waliouawa ni raia kati ya 244 na 760 kwa kadiri ya vyanzo mbalimbali, waliojeruhiwa ni zaidi ya 1,000, na nyumba zaidi ya 400 za watu binafsi zilibomolewa. Shule na hospitali zilipigwa makombora. Kanisa Kuu la Bikira Maria, kanisa mama la Jimbo Kuu la Kisangani, nalo liliharibiwa vibaya.

Tutulie kidogo mbele ya tarakimu hizo. Kati ya 244 na 760 kuna watu 516 ambao hata hesabu haikuweza kuwa na hakika nao. Maana yake ni kwamba wapo waliozikwa uani kwa haraka chini ya makombora, bila misa, bila jeneza, bila jina kuandikwa popote. Sisi wa Rungwe tunajua msiba ni nini: tunajua uzito wa kulia pamoja, wa kukaa matanga, wa jumuiya kufika na kuni na ndizi. Kumnyima mtu maziko ni kumnyima heshima yake ya mwisho kama mwana wa Mungu.

Mwaka 2005 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliikuta Uganda na hatia ya kukiuka sheria za kimataifa katika nchi ya Congo, na tarehe 9 Februari 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325: milioni 225 kwa madhara waliyopata watu, milioni 40 kwa mali zilizoharibiwa, na milioni 60 kwa utajiri wa asili ulioporwa. Kesi dhidi ya Rwanda haikusikilizwa, kwa kuwa Mahakama iliona haina mamlaka juu yake. Mtoto aliyezaliwa Kisangani mwaka wa makombora alikuwa ametimiza miaka 21 kabla dunia haijataja hata kiasi cha fidia.

Cheti cha Kimberley, na tundu lililomo ndani yake

Uchungu wa vita hivyo, pamoja na sauti za wanaharakati na watu wa dini, uliisukuma dunia kutenda. Mwezi Mei 2000 nchi za kusini mwa Afrika zinazozalisha almasi zilikutana katika mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Tarehe 1 Januari 2003 mpango wa vyeti ulianza kazi. Kwa mpango huo, almasi ghafi hazivuki mpaka isipokuwa ndani ya kasha lililofungwa kwa lakiri, likiwa na cheti cha serikali kinachothibitisha kwamba hazikutoka mikononi mwa waasi. Nchi mwanachama haifanyi biashara ya almasi ghafi na nchi isiyo mwanachama. Tanzania imo katika mpango huo.

Tuseme kweli: mpango huu umesaidia. Umewafungia waasi mlango ambao zamani ulikuwa wazi kabisa, nao umeziwezesha serikali kupata kodi zilizokuwa zikipotea. Jamhuri ya Afrika ya Kati ilipotumbukia vitani, ilisimamishwa mwezi Mei 2013 isiuze almasi zake nje.

Lakini mpango huo una matundu. Tundu la kwanza ni kwamba unahusu almasi ghafi tu. Jiwe likishakatwa na kung'arishwa, linalobaki ni neno la muuzaji. La pili ni kubwa zaidi, nalo limo ndani ya tafsiri tuliyomwomba msomaji aikumbuke. Mwishoni mwa mwaka 2008, huko Marange nchini Zimbabwe, askari wa serikali waliingia katika machimbo ya almasi na kuwafyatulia risasi wachimbaji. Shirika la Human Rights Watch lilieleza kwamba zaidi ya watu 200 waliuawa. Almasi hizo hazikuhesabiwa kuwa za vita, kwa kuwa aliyepiga risasi hakuwa mwasi. Mwezi Novemba 2011 mpango wa Kimberley uliruhusu ziuzwe, na mwezi Desemba mwaka huohuo Global Witness, miongoni mwa mashirika yaliyouanzisha mjadala wote, likajitoa.

Hapo ndipo mwamini anapaswa kusimama na kufikiri. Katika mfano wa Msamaria Mwema (Lk 10:25-37), Bwana wetu hakutueleza hata kidogo wale wanyang'anyi walikuwa akina nani. Hatujui kabila lao, chama chao wala cheo chao. Anayetajwa ni aliyelala njiani akivuja damu. Sheria ya biashara yauliza nani amepiga. Injili yauliza nani ameumizwa. Maswali hayo mawili hayana jibu moja.

Nyumbani kwetu: Mwadui

Ingekuwa si haki kutazama boriti la jirani bila kutazama la kwetu. Nchi yetu ina almasi. Mwaka 1940, huko Mwadui mkoani Shinyanga, Mkanada Dakta John Williamson aligundua mwamba wa kimbalaiti ulio miongoni mwa mikubwa zaidi kupata kuchimbwa duniani. Mwaka 1947 ilipatikana hapo almasi ya waridi ya karati 54.5, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza kwa arusi yake. Baada ya kukatwa ilibaki na karati 23.6, ikawekwa katika bizimu iliyopata umaarufu mkubwa.

Tanzania, tumshukuru Mungu, haijaona vita vya almasi. Hata hivyo damu imemwagika kando ya uzio. Wakazi na wachimbaji wadogo walioingia katika eneo la mgodi bila kibali walilalamika kwamba walipigwa, walifungwa na hata kupigwa risasi na walinzi. Mwezi Mei 2021 kampuni ya Petra Diamonds, iliyokuwa wakati huo mmiliki mkuu wa mgodi, ilifikia maelewano ya pauni za Uingereza milioni 4.3 na walalamikaji 71 waliokuwa wamefungua kesi London. Kampuni haikukubali kuwajibika kisheria, lakini ilikiri kwamba matukio ya kusikitisha yalitokea, yakasababisha vifo, majeraha na kutendewa vibaya kwa wachimbaji hao.

Kuingia katika mgodi wa mwingine bila kibali ni kosa, nasi hatulihalalishi. Lakini kosa hilo halimwondolei mtu sura ya Mungu aliyo nayo. Baba wa familia anayepenya uzio usiku akitafuta mawe machache ya kulisha watoto, anabaki kuwa mtu ambaye Kristo alimfia Msalabani. Cheti kilichoambatana na almasi za Mwadui kilisema kweli kwamba hazikutoka kwa waasi. Hakikusema neno juu ya yule aliyepigwa.

Leo madini yamebadilika jina

Siku hizi, huko mashariki mwa Congo, fedha kubwa ya vita haitokani tena na almasi bali na dhahabu na koltani, madini ambayo hutumika kutengenezea vifaa vya simu na kompyuta. Mwezi Aprili 2024 kundi la M23 liliteka Rubaya, katika Wilaya ya Masisi, Kivu Kaskazini. Mwezi Septemba mwaka huohuo Mkuu wa ujumbe wa Umoja wa Mataifa nchini humo, Bintou Keita, aliliambia Baraza la Usalama kwamba biashara ya Rubaya inalipatia kundi hilo dola zinazokadiriwa kufikia 300,000 kila mwezi. Mwezi Januari 2025 mji wa Goma ukatekwa. Mamilioni ya watu wa mashariki mwa Congo wameyakimbia makazi yao, na wengine wamekimbia mara nyingi hata hawahesabu tena.

Msiba huo haukuishia Congo. Tarehe 7 Desemba 2017, huko Semuliki karibu na Beni, askari wa kulinda amani wasiopungua 14 wa Jeshi la Wananchi wa Tanzania waliuawa kwa shambulio la waasi. Mwanzoni mwa mwaka 2025, katika mapigano ya kuzunguka Goma, wengine wawili walipoteza maisha. Hao walikuwa wana wa nchi hii. Wameacha wajane, yatima na wazazi. Hivyo, tunaposema kwamba vita vinavyolishwa na madini viko mbali nasi, tumesahau tayari makaburi yaliyo ndani ya mipaka yetu.

Kanisa linafundisha nini?

Kanisa halifundishi kwamba almasi ni ovu au kwamba dhahabu ni dhambi. Vyote vimeumbwa na Mungu, na kila alichokiumba ni chema. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, ikieleza Amri ya Saba, inafundisha kwamba mali ya dunia imekusudiwa kwa ajili ya wanadamu wote, na kwamba haki ya kumiliki haiondoi kusudi hilo la asili (KKK 2402-2403). Mwenye jiwe ana haki nalo, lakini si haki ya kulipata kwa uhai wa mwenzake.

Maandiko Matakatifu yana tukio ambalo tunaona linafaa sana hapa. Mfalme Daudi, akiwa vitani, alitamani maji ya kisima cha Bethlehemu, mji ulioshikwa na Wafilisti. Mashujaa watatu walipenya katikati ya jeshi la adui, wakateka maji, wakamletea. Daudi alikataa kuyanywa. Aliyamimina chini mbele ya Bwana, kwa sababu aliona kuyanywa ni kama kunywa damu ya watu waliohatarisha nafsi zao (2Sam 23:13-17). Maji yalikuwa masafi. Kiu yake ilikuwa ya kweli. Wala hakuna aliyekufa. Hata hivyo alitambua kwamba kitu hubeba ndani yake gharama ya kupatikana kwake. Nao makuhani wakuu, pamoja na hila zao zote, walijua kwamba vile vipande thelathini vya fedha visingeweza kutiwa katika sanduku la hekalu, kwa kuwa ni kima cha damu (Mt 27:6). Ikiwa hata wao walilijua hilo, je, sisi tuliobatizwa?

Baba Mtakatifu Fransisko, katika Waraka wake Laudato si' wa mwaka 2015, aliitaja biashara ya almasi zenye damu pamoja na biashara ya binadamu na dawa za kulevya, akizionesha zote kuwa matunda ya fikra moja: kwamba hakuna ukweli ulio juu ya matakwa yangu (LS 123). Tarehe 31 Januari 2023, alipofika Kinshasa, alisema kwamba sumu ya uchu wa mali imezipaka damu almasi za Congo, akazitaka nchi zenye nguvu ziache kuinyonya nchi hiyo na Afrika nzima. Aliwaambia pia Wacongo kwamba wao wenyewe ni wa thamani kupita hazina zote zilizomo ardhini mwao. Kesho yake alikutana na wahanga wa vita vya mashariki. Baadhi yao waliweka chini ya Msalaba mapanga na visu vya aina ileile iliyowaulia ndugu zao, wakatamka kwamba wanasamehe.

Kanisa la Congo limelipa gharama ya ushuhuda huo kwa damu ya watoto wake. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa wa Bukavu, aliyepaza sauti dhidi ya vita na kuwatetea wakimbizi, aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996. Naye Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, kijana mlei wa Goma na mtumishi wa ofisi ya ukaguzi wa bidhaa mpakani, alikataa rushwa ya kupitisha chakula kilichoharibika ambacho kingewadhuru watu. Alitekwa na kuuawa mwezi Julai 2007, akiwa na umri wa miaka 26. Alitangazwa Mwenyeheri mjini Roma tarehe 15 Juni 2025. Yeye hakukabidhiwa almasi, alikabidhiwa mchele. Lakini swali lililowekwa mbele yake ndilo lililo mbele ya kila anayeshika muhuri mpakani, mgodini au dukani: je, uhai wa mtu nisiyemjua una thamani kuliko fedha iliyo mkononi mwangu?

Nasi tufanye nini?

Wachumba wapendwa, pete ya ndoa hupata thamani yake katika ahadi mnayoitoa mbele ya Mungu, si katika jiwe. Kanisa halidai almasi, wala halidai dhahabu nyingi. Pete ya kawaida iliyobarikiwa yatosha kabisa. Anayenunua kito amwulize sonara kimetoka wapi na kama kina karatasi zake. Sonara mwaminifu hatachukia swali hilo, na anayechukia amekwisha kujibu.

Vijana wa VIWAWA, na ninyi nyote mnaofikiria kwenda machimboni, kazi ya kuchimba ni kazi halali nayo ina heshima yake. Ifanyeni kwa leseni au chini ya mwenye leseni, uzeni katika masoko ya madini yaliyowekwa na serikali, na mkatae kabisa kumtumikisha mtoto. Kijana akiahidiwa utajiri wa haraka katika machimbo ya ng'ambo ya mpaka, amweleze mzazi au padre wake kabla ya kuondoka. Wengi waliokufa katika mabonde ya almasi walifika huko wakifuata ahadi kama hizo.

Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na WAWATA, tunawaomba mfanye mambo mawili. Mziombee Congo na Sudan, ambako dhahabu nayo inalisha vita, kwa kuzitaja kwa majina katika sala za waamini. Na muwatembelee kati yetu wajane na wazazi wa askari waliofia ugenini, kwa kuwa mara nyingi baada ya siku ya maziko hawana wa kuwabishia hodi.

Nasi sote tunaobeba simu mifukoni, tuzitunze zidumu. Hatuwezi kufuatilia kila punje ya madini iliyomo ndani yake, lakini kubadilisha simu nzima kwa ajili ya fahari tu ni kuongeza uhitaji wa kitu ambacho wengine wanakilipia kwa machozi.

Baada ya Kaini kumwua ndugu yake, Mungu alimwambia kwamba sauti ya damu ya Habili inamlilia kutoka ardhini (Mwa 4:10). Wachimba almasi husikiliza ardhi kwa masikio ya chepe na chekeche, wakitafuta mlio wa jiwe. Mungu husikia kutoka ardhi hiyohiyo mlio mwingine. Tumwombe atupe masikio ya kuusikia, na Bikira Maria, Malkia wa Amani, awaombee wote waliozikwa bila jina. Amina.